Samaki wa kupaka na mvinyo wa Dodoma: kisa cha chupa saba zilizorudishwa

Katika wiki mbili za mwisho za Januari 2025, kaskazi ikivuma na joto likiwa limeshika, wageni wa nyumba moja ndogo ya wageni katika pwani ya mashariki ya Unguja walirudisha kaunta chupa saba za mvinyo mwekundu zilizokwisha kufunguliwa. Kwa hoteli kubwa idadi hiyo ingepita bila kuonekana. Kwa nyumba yenye vyumba 12, inayopika vyakula vichache vya jioni na kuagiza mvinyo kwa katoni za kuhesabika, ilitosha kumfanya mmiliki aitishe kikao. Wahudumu walikuwa wameandika katika daftari la kaunta sababu aliyotoa kila mgeni, na ukizisoma kwa mfuatano unaona mambo matatu yanayojirudia: mvinyo unachoma kooni, unaacha ladha ya chuma mdomoni, na unanukia kama jamu iliyopikwa kupita kiasi.

Mimi ndiye msimamizi wa vinywaji wa nyumba hiyo, na mvinyo huo niliuleta mimi. Unatoka katika kiwanda kidogo nje ya mji wa Dodoma, nyumbani kwetu, na nilikuwa nimetumia karibu mwaka mzima kumshawishi mmiliki kwamba mgeni aliyesafiri hadi Zanzibar hana haja ya kunywa mvinyo wa Afrika Kusini anaoweza kuupata katika duka lolote la kwao. Nakiri, basi, kwamba sikulichunguza jambo hili nikiwa mtu wa pembeni. Mmiliki alikuwa na jibu lake tayari: mvinyo wa nchini haufai, turudi kwa ule wa zamani. Mpishi mkuu, mama wa makamo ambaye nyumba nzima tunamwita Shangazi, naye alikuwa na jibu lake, kwamba mchuzi wake hauna kosa. Shangazi ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli, ingawa nilichelewa siku kadhaa kumwelewa.

Ni vyema kwanza msomaji aujue mvinyo wenyewe. Mzabibu uliletwa Dodoma na wamisionari wa Kikatoliki katikati ya karne ya 20, Bihawana ikiwa miongoni mwa mashamba ya mwanzo, na ukaota vizuri kwa sababu mji huo uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na mvua yake ni haba, inayonyesha kati ya Desemba na Aprili tu. Jambo linalonichekesha kila nikitazama ramani ni kwamba Dodoma na Mji wa Zanzibar ziko karibu kabisa kwenye mstari mmoja, nyuzi 6 na kitu kusini mwa Ikweta, kiasi kwamba mtu akitoka Forodhani akaelekea magharibi bila kupinda popote angetokea kwetu. Lakini unyevu wa Unguja ungeshambulia mzabibu kwa ukungu kabla zabibu hazijabadili rangi, ilhali ukavu wa kule huuacha safi. Tena, kwa kuwa hakuna baridi kali ya kuulaza mti, mkulima huupogoa, akaumwagilia, akavuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya kiangazi, ya Agosti na Septemba, ndiyo bora. Yale ya Machi hukutana na mvua, na zabibu zikishakunywa maji mengi, sukari yake hupungua.

Kiwanda tunachonunua kwake kinatoa aina nne. Ya kwanza ni mvinyo mwekundu usio na utamu, ambao wafanyabiashara huuita mkavu, unaotokana na zabibu ya Makutupora, iliyopewa jina la sehemu iliyoko kaskazini ya mji palipo na kituo cha utafiti wa zabibu. Kileo chake ni asilimia 12.5. Ya pili ni mvinyo mweupe mkavu wa Chenin Blanc, zabibu yenye asili ya Ufaransa inayosifika kwa kuhifadhi ukali wake hata ikiivia kwenye joto. Ya tatu ni mweupe wa zabibu hiyohiyo iliyoachiwa sukari kiasi, na ya nne ni mwekundu mtamu, mzito kama sharubati. Sisi tulikuwa tumeagiza zaidi mwekundu mkavu kuliko aina nyingine zote zikijumlishwa, kwa sababu moja tu, kwamba ndio ninaoupenda mimi. Hilo lilikuwa kosa, na sikulitambua hadi daftari la kaunta liliposomwa kikaoni.

Uchunguzi ulianzia stoo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Zanzibar ilikumbwa na uhaba mkubwa wa vileo baada ya baadhi ya waagizaji kutohuishiwa vibali vyao. Bei zilipanda, na nyumba nyingi za wageni zikajifunza kuweka akiba ya kutosha miezi kadhaa. Nasi tukajifunza hivyo, ila hatukuwa na mahali pa kuiweka akiba hiyo. Katoni zilirundikwa katika chumba cha nyuma chenye paa la bati, kinachopakana na jenereta. Nilipotundika kipimajoto humo, saa nane mchana kilisoma nyuzi 36, na usiku, jenereta ikiwa inafanya kazi, hakikushuka chini ya 32. Mvinyo unapaswa kulala kwenye nyuzi 12 hadi 15 hivi. Ukipata joto kwa wiki kadhaa, hutanuka ndani ya chupa na kukisukuma kizibo, kisha hewa huingia kidogo kidogo na kufanya kazi yake. Zaidi ya hayo chupa zetu zilikuwa zimesimamishwa wima kama za soda, vizibo vikakauka kwa kukosa maji ya kuviloweka. Nilizitoa moja moja na kuzipapasa shingo. Baadhi zilinata vidoleni.

Ili kupata cha kulinganisha nacho, nilifungua chupa iliyotoka chini kabisa ya rundo pamoja na chupa ya toleo lilelile ambayo nilikuwa nimeibeba mwenyewe kwenye begi niliporudi likizo Desemba, ikakaa kwenye friji nyumbani kwangu. Ile ya stoo ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya matofali pembezoni mwa glasi, na harufu yake ilikuwa ya matunda yaliyochemshwa, ndiyo jamu waliyoisema wageni. Ile ya nyumbani ilikuwa na harufu ya zambarau mbivu, mwili wake mwepesi, yaani haulemei mdomoni, ukakasi wake wa wastani. Mtu asingedhani kuwa zilitoka tangi moja. Hata hivyo, nilipozikagua mabaki ya zile saba zilizorudishwa, tatu tu ndizo zilizokuwa na dalili ya kuungua. Nne zilikuwa nzima, na wageni walizikataa vilevile.

Hapo nikageukia namna tulivyokuwa tukiuandaa. Wahudumu walikuwa wamefundishwa, na mimi nikiwa mmoja wa waliowafundisha, kwamba mvinyo mwekundu hunywewa ukiwa na joto la chumbani. Kanuni hiyo ilitungwa Ulaya, katika nyumba za mawe ambazo chumba chake kilikuwa na nyuzi 16 au 18. Baraza yetu ya kulia chakula, usiku wa Januari, ina nyuzi 29. Katika joto hilo mvuke wa kileo hutangulia kila harufu nyingine na kumpiga mnywaji puani na kooni. Nilifanya pupa ya kurekebisha, nikaziweka chupa kwenye friji usiku kucha hadi nyuzi 8, na matokeo yakawa mabaya kwa upande wa pili: baridi kali huuzima utamu wa tunda na kuupandisha ukakasi, hata mgeni mmoja akauliza kama tumechanganya na dawa. Baada ya kujaribu mara kadhaa tulitulia kwenye nyuzi 15, ambazo chupa iliyokuwa barazani huzifikia kwa takriban robo saa ikizamishwa kwenye ndoo ya barafu iliyotiwa maji. Maji hayo ni muhimu, kwa maana barafu peke yake huacha mianya ya hewa na haiigusi chupa sawasawa.

Malalamiko ya kuchoma yalipungua baada ya hapo, lakini ile ladha ya chuma haikuondoka, na kila mara ilitokea kwenye meza zilizoagiza samaki wa kupaka au pweza wa nazi. Basi ikabidi niende jikoni.

Samaki wa kupaka wa Shangazi ni changu mzima, aliyechanjwa mbavuni, akalowekwa kwa ndimu, thomu, tangawizi na chumvi, akachomwa juu ya makaa ya moto mdogo. Huku samaki akiiva, tui zito hupikwa pembeni na bizari, ukwaju na pilipili mpaka linaanza kujitenga na mafuta yake, kisha hupakwa juu ya samaki kwa kijiko, akageuzwa, akapakwa tena, hadi ngozi ishike rangi ya dhahabu na ncha za mapezi ziungue kidogo. Ukikihesabu chakula hicho kwa jicho la mtu wa mvinyo, utakuta ndani yake mafuta ya samaki, mafuta ya nazi, ukali wa ndimu, ugwadu wa ukwaju, chumvi, moshi na pilipili. Vitu viwili kati ya hivyo haviivani na mvinyo mwekundu mkavu. Cha kwanza ni mafuta ya samaki: mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kuwa madini ya chuma yaliyomo ndani ya mvinyo, ambayo aghalabu huwa mengi zaidi katika mwekundu, yakikutana na mafuta ya viumbe vya baharini huzalisha ile shombo inayobaki mdomoni. Cha pili ni pilipili. Pilipili si ladha bali ni maumivu, inaamsha mishipa ileile ya fahamu inayopokea moto, na kileo kinaizidisha mishipa hiyo wepesi wa kuamka. Mgeni aliyekula pilipili kisha akapiga funda la mvinyo wenye asilimia 12.5 ya kileo na nyuzi 29 za joto alikuwa, kwa hakika, akimwagia petroli kwenye makaa.

Tatizo langu lilikuwa jinsi ya kulijadili jambo hili na mwenye mchuzi. Shangazi ni Muislamu, hanywi, hajawahi kuonja, na sikuwa na haki wala nia ya kumwomba aonje. Jikoni kwake haiingii hata chupa, na kwa utaratibu wa nyumba wahudumu wasiotaka kubeba vileo hawalazimishwi. Nikaona njia iliyobaki ni kumtafutia vinywaji vinavyofanana na mvinyo kwa tabia bila kuwa mvinyo. Nilichemsha chai ya rangi kwa majani mengi, bila sukari, hadi ikawa nyeusi na kuukaza ulimi, ishike nafasi ya mwekundu mkavu. Nikakamua ukwaju mwepesi uliopozwa, ushike nafasi ya mweupe mkavu. Kisha nikachukua ukwaju huohuo na kuutia sukari kidogo tu, kwa ajili ya mweupe wenye utamu kiasi. Tukakaa nyuma ya jiko alasiri moja, yeye, mimi na kijana wa kuosha vyombo, na sahani ya changu katikati.

Alionja chai juu ya mchuzi, akakunja uso. "Mwanangu, hii inagombana na mchuzi wangu," akasema, akaisogeza mbali. Akaonja ukwaju mtupu. "Huu unaufuata. Lakini pilipili imebaki palepale." Akaonja ule wenye sukari, akanyamaza, akachovya kipande kingine cha samaki, akaonja tena. "Huu ndio unaoizima."

Nimefanya kazi hii kwa miaka tisa, na sijapata kusikia hukumu ya chakula na kinywaji iliyokatwa kwa ufasaha kama ule. Wauza mvinyo hutumia neno moja, asidi, kwa mambo ambayo Shangazi anayatenga bila kufikiri: ukali ni wa ndimu, ugwadu ni wa embe mbichi na ukwaju, uchachu ni wa kitu kilichoanza kuumuka, na ukakasi, ambao si ukali wala uchungu, ni ule wa ndizi mbichi na bibo. Aliponieleza kwamba mchuzi wa nazi ukikosa ugwadu hupooza, na kwamba chochote kinachonywewa nao lazima kiwe na ugwadu usiopungua wa mchuzi, alikuwa ameifikia kanuni ambayo mimi niliilipia ada kuifundishwa.

Usiku huo tuliwapa wageni waliokubali kushiriki mvinyo mweupe wenye utamu kiasi, ukiwa na nyuzi 8, pamoja na samaki wa kupaka. Yaliyotokea yalilingana na jaribio la chai na ukwaju karibu hatua kwa hatua. Ukali wa zabibu ulikata uzito wa tui, sukari na ubaridi vikaipunguza pilipili makali, na ladha ya chuma haikutajwa na yeyote. Mweupe mkavu tuliubakishia pweza, kwa sababu pweza wa Shangazi hupikwa kwa tui jepesi na pilipili kidogo mno, na pia ngisi wa kukaanga na mchuzi wa chukuchuku, ambao hauna nazi kabisa na ukali wake wa ndimu ungeufanya mvinyo wowote mtamu uonekane mzembe.

Mwekundu mkavu haukufukuzwa. Ulihamishiwa kwenye pilau ya ng'ombe, na huko ulipata makao ambayo sikuyatarajia. Mvinyo uliokomazwa katika mapipa ya mti wa mwaloni hupata kutoka kwenye mbao hizo kiasi cha eujenoli, ambayo ndiyo roho ya harufu ya karafuu. Kiwanda chetu hakina mapipa hayo, kinatumia matangi ya chuma, kwa hiyo mvinyo wake una tunda tu bila viungo. Pilau inauletea kile kilichokosekana: karafuu za Pemba, mdalasini, hiliki, pilipili manga, na nyama yenye mafuta inayoulegeza ukakasi. Kikwazo kilikuwa kachumbari. Ndimu yake iliufanya mvinyo uonekane mwembamba kama maji ya kusuzia glasi, na pilipili mbichi iliurudisha moto kooni. Tukakubaliana kachumbari iende mezani katika kibakuli chake, na pilipili iwe pembeni. Shangazi alikubali kwa shingo upande, akisema pilau isiyochanganywa na kachumbari ni chakula cha mgonjwa.

Kwa upande wa vitamu hatukufika mbali. Mvinyo mtamu unapaswa kuwa mtamu kuliko kinacholiwa nao, vinginevyo huonekana mchachu, na hakuna mvinyo ninaoujua unaoweza kuishinda halua kwa utamu. Mwekundu mtamu ulishindwa vibaya. Kahawa chungu katika kikombe kidogo, kama inavyonywewa barazani, iliishinda chupa hiyo bila jasho. Urojo nao ulitushinda kabisa. Ndani ya bakuli moja mna ukali wa embe na ndimu, bajia, kachori, mbatata, mishkaki, chatine ya nazi na pilipili, na kila aina niliyoijaribu ilipigwa na kitu kimoja baada ya kuokolewa na kingine. Ushauri wangu kwa anayekula urojo ni dafu.

Mmiliki alipopewa taarifa hii aliuliza swali moja la haki: kama mvinyo hauna kosa, nani analipia chupa saba? Tulizigawanya. Zile tatu zilizoungua zilihesabiwa kuwa hasara ya stoo, yaani ya nyumba. Nne zilizokuwa nzima zilikatwa katika marupurupu yangu, nami sikupinga, kwani niliziagiza kwa kupenda kwangu na kuzipeleka kwenye sahani isiyo yake. Akiba iliyosalia ilihamishiwa katika chumba cha ndani chenye kuta nene za mawe ya matumbawe, chupa zikalazwa, na friji moja ya soda iliyotumika ikanunuliwa kwa ajili ya mvinyo pekee. Chumba hicho hakishuki chini ya nyuzi 26, ambazo bado ni nyingi, kwa hiyo tuliacha kuweka akiba ya zaidi ya wiki sita. Kiwandani nao walikubali kupakia mzigo wetu kwenye magari ya usiku tu, usishinde juani njia nzima hadi Dar es Salaam kabla ya kuvushwa kwa boti.

Kuanzia katikati ya Februari hadi Ramadhani ilipoingia mwanzoni mwa Machi, tulipopunguza uuzaji na kuuhamishia ndani kama ilivyo desturi, ilirudi chupa moja tu, na mgeni aliyeirudisha alikuwa amekula urojo. Oda iliyofuata, ya baada ya Idi, nusu yake ilikuwa mweupe wenye utamu kiasi.

Sasa kila jioni, kabla makaa hayajashika, Shangazi hugonga kioo cha dirisha la jikoni na kunitajia pilipili aliyoipata sokoni siku hiyo. Akisema ni ya kawaida, naendelea na shughuli zangu. Akisema ni pilipili mbuzi, naondoa chupa nyekundu zote kaunta na kuongeza barafu kwenye ndoo.